Tumbawe Kikombe: Mnyama Mdogo Anayeishi Chini ya Paa la Mwamba

Nakala ya mazungumzo kwa wanachama wa BMU, vikundi vya akina mama na vijana wa ukanda wa pwani

 

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kidogo. Mzamiaji wa kamba koche ambaye amewahi kuingiza kichwa chini ya jabali, akamulika tochi kwenye giza, huenda alikiona bila kukipa jina. Mchana huonekana kama kishada cha vifungo vyekundu vilivyobandikwa kwenye dari la mwamba. Usiku, mahali palepale, vifungo hivyo hufunguka vikawa maua ya rangi ya chungwa yenye ncha za manjano. Wengi hudhani ni maua, au ni mwani wa aina fulani. Si mmea. Ni mnyama, tena mnyama mwenye jiwe lake mwenyewe.

Wataalamu humwita Tubastraea coccinea. Jina hilo la kisayansi lilitolewa na daktari na mwanaviumbe Mfaransa, René Lesson, kutokana na tumbawe lililotoka kisiwa cha Bora Bora katika Bahari ya Pasifiki. Lakini makao yake ya asili hayako Pasifiki peke yake. Bahari ya Hindi nayo ni nyumbani kwake, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo. Katika mazungumzo haya tutamwita tumbawe kikombe, kwa sababu ndivyo alivyo: kikombe.

Tuanze na kikombe chenyewe. Fikiria kile kikombe kidogo cha kahawa kinachopitishwa barazani jioni, kile kisicho na mkono. Kipunguze mpaka mdomo wake uwe na upana wa sentimita moja hivi, sawa na ukucha wa kidole cha mwisho. Kikombe hicho kimejengwa kwa kalsiamu kaboneti, yaani kitu kilekile kinachotokea kwenye ganda la kombe, na ambacho mababu walikichoma tanuuni wakapata chokaa ya kujengea. Vikombe kadhaa husimama pamoja, vikiwa vimeshikana chini kwenye kitako kimoja, na kishada kizima mara nyingi hutosha kwenye ngumi ya mtu mzima.

Ukichungulia ndani ya kikombe kilichokufa utaona jambo la kupendeza. Kata ndimu katikati, uangalie ule uso wake: ngozi nje, kisha kuta nyembamba zinazotoka pembeni kuelekea kati. Ndani ya kikombe cha tumbawe mna kuta kama hizo, ila ni za jiwe. Kuta hizo hazikupangwa ovyo. Huanza sita kubwa. Katikati yazo huingia sita nyingine, halafu kumi na mbili, halafu ishirini na nne nyembamba zaidi, mpaka jumla hufikia 48. Hesabu ya sita ndiyo alama ya ukoo mzima wa matumbawe ya mawe, kuanzia kikombe hiki hadi majabali makubwa ya matumbawe yanayozidi kimo cha mtu. Chini kabisa, katikati, kuna kinundu chenye vitundu kama sifongo. Hata ukuta wa nje una vitundu vidogo, na kwa hiyo kikombe hiki ni chepesi kuliko kinavyoonekana.

Juu ya jiwe hilo ndipo anapokaa mwenye nyumba. Mwili wake huitwa polipi. Ni mfuko laini wenye tabaka mbili za ngozi, na kati ya tabaka hizo kuna kitu kama utomvu mzito. Hana kichwa, hana ubongo, hana moyo, hana damu. Ana mdomo mmoja tu, na mdomo huohuo ndio wa kula na ndio wa kutoa taka. Kuuzunguka mdomo kuna minyiri, na hapa neno la pweza linafaa kabisa, ingawa minyiri ya tumbawe kikombe haina vikombe vya kunyonyea kama ya pweza. Yenyewe ina silaha nyingine. Ngozi ya minyiri imejaa vifuko visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko kuna kishale kilichokunjwa. Kijidudu cha majini kikigusa, kishale hufyatuka, huchoma na kutia sumu. Konyeza anayewawasha waogeleaji wakati wa kaskazi hutumia silaha ya aina hiyo hiyo. Tumbawe na konyeza ni ndugu.

Rangi ile nyekundu au ya chungwa ni ya nyama. Jiwe lake ni jeupe. Mnyama akifa, nyama huoza ndani ya siku chache na kinachobaki ni kikombe cheupe kitupu. Hili tulishike, kwa sababu litarudi baadaye tutakapofika kwenye meza za wauza vitu vya ukumbusho.

Sasa, kwa nini akae gizani? Hapa ndipo tumbawe kikombe anapotofautiana na majirani zake.

Matumbawe mengi yanayojenga mwamba, yale yenye matawi kama pembe za paa na yale ya mviringo kama mawe ya kusagia, yana mpangaji ndani ya nyama yao. Mpangaji huyo ni mwani mdogo sana wa chembe moja moja. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula hicho. Mwenye nyumba naye humpa hifadhi na mbolea. Ndiyo maana matumbawe hayo hupenda maji mafupi, angavu, yenye jua. Hayakai mbali na jua kama vile mahindi yasivyopandwa chini ya mwembe.

Tumbawe kikombe hana mpangaji. Hategemei jua hata kidogo, bali hula kile anachokinasa. Kwa hiyo hana sababu ya kugombania nafasi juu ya mwamba, ambako wenzake wenye mpangaji hukua haraka na mwani hutanda kila palipo wazi. Yeye huchukua nafasi wasiyoitaka wengine: chini ya paa la jabali, kwenye mapango, kwenye kuta zilizosimama wima, kwenye mbavu za meli zilizozama, hata kwenye nguzo za gati. Huonekana kuanzia maji mafupi kabisa hadi kina cha zaidi ya mita 100, mahali ambapo jua ni kama halipo.

Anachokihitaji ni mkondo. Mtu akitaka kumtafuta, aangalie mahali maji yanapokimbia. Mnajua jinsi maji yanavyovutwa kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini wakati wa bamvua, bahari inapopanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maji hayo hubeba wingi wa viumbe vidogo vinavyoelea: mayai ya samaki, vifaranga vya kaa, kamba wadogo kuliko punje ya mchele. Kwa tumbawe kikombe, mkondo ni kama gari la chakula linalopita mlangoni mara nne kwa siku. Viumbe hivyo hupanda juu zaidi usiku, ndiyo maana naye hufungua minyiri yake usiku. Lakini si sheria ya chuma. Maji yakiwa na chakula kingi hufunguka hata adhuhuri, hasa ndani ya pango.

Kukaa kwenye dari au ukutani kuna faida nyingine: tope halitulii juu yake. Mvua za masika zinaponyesha bara, Mto Umba na Mto Ramisi hushusha maji mekundu baharini. Tumbawe lililolala bapa hufunikwa na vumbi hilo la udongo na hulazimika kutumia nguvu nyingi kulisafisha. Aliyening'inia kichwa chini hana kazi hiyo. Hata hivyo, maji yakiwa na tope jingi kwa muda mrefu yeye pia hupata taabu, na ndipo umuhimu wa mikoko ya Vanga na Gazi unapoonekana, kwa kuwa mizizi yake huchuja udongo kabla haujafika mwambani.

Uzazi wake nao una mambo. Tumbawe kikombe hulea watoto ndani ya mwili. Wakati ukifika huwatema kupitia mdomo ule ule mmoja, na hutoka vijidude vya rangi ya chungwa, laini, visivyo na jiwe, vinavyoogelea. Huitwa planula. Planula hutafuta mahali pagumu penye kivuli, hujigandisha, na kuanza kujenga kikombe. Tangu hapo hatahama tena maisha yake yote. Kando ya mama huota vikombe vingine bila planula, kama mgomba unavyotoa machipukizi.

Anaye adui wake pia. Yuko konokono mdogo wa rangi ya manjano na chungwa ambaye hula polipi hizi na kutaga mayai yake papo hapo, na yuko konokono asiye na ganda ambaye hula tumbawe hili mpaka mwili wake hugeuka rangi ya chakula chake. Mzamiaji asiyejua hupita bila kumwona, maana amevaa nguo ya nyumba aliyoivamia.

Kuna habari moja kutoka ng'ambo ambayo inafaa kusemwa mbele ya watu wanaoishi karibu na bandari. Tumbawe hili hili, lisilo na madhara hapa kwao, limekuwa mgeni msumbufu upande mwingine wa dunia. Liliripotiwa katika visiwa vya Karibi miaka ya 1940, na miaka ya 1980 likaonekana Brazili kwenye mitambo ya mafuta baharini. Linaaminika kuwa lilisafiri likiwa limeganda kwenye matumbo ya meli na mitambo. Huko halina wale konokono wa kulila, kwa hiyo limetanda kwenye miamba na kusukuma wenyeji. Jambo la kuzingatia ni hili: kumbandua kwa nyundo bila kukusanya vipande humsaidia kuenea, kwa sababu hata kipande kidogo chenye nyama kinaweza kuota upya kinapoangukia. Njia hiyo ya meli ina pande mbili. Kilichotoka Bahari ya Hindi kikaenda Brazili kina wenzake wanaoweza kuja huku kwa njia hiyo hiyo, na mvuvi anayeona kiumbe kigeni kimetanda kwenye nguzo ya gati au kwenye chombo kilichotia nanga ana haki ya kuuliza, na ofisi ya uvuvi iliyo karibu ndiyo ya kuulizwa.

Kabla ya kuacha umbo la mnyama huyu, kuna binamu yake asiyestahili kusahaulika. Huyu haishi pangoni bali juu ya mchanga, na ni mdogo, wa kutosha kwenye kiganja cha mtoto. Jina lake la kitaalamu ni Heteropsammia cochlea, na hupatikana katika Bahari ya Hindi hadi Pasifiki ya magharibi. Tumbawe kwenye mchanga ni jambo la ajabu, maana mchanga huhama na kulizika. Yeye ametatua tatizo hilo kwa kumpata mchukuzi. Planula wake hutua juu ya ganda dogo la konokono ambamo mnyoo wa baharini amehamia. Tumbawe hukua mpaka humeza ganda lote, lakini mnyoo huacha tundu chini. Mnyoo anapotafuta chakula huburuta nyumba nzima, tumbawe likiwa juu kama abiria wa mkokoteni. Tumbawe likipinduka, mnyoo huliinua. Mnyoo hupata ulinzi wa jiwe na wa vile vishale. Ukisikia mtu anasema ameona tumbawe linatembea, usimcheke.

Sasa tufike kwenye sababu ya kuwaita hapa.

Ni kweli kwamba tumbawe kikombe halijengi mwamba. Haifai kuwadanganya watu. Kazi hiyo ni ya yale yenye mpangaji wa mwani, na ndiyo yaliyojenga pia nchi kavu mnayoikalia. Mapango yaliyoipa Shimoni jina lake, majabali meusi ya bustani ya matumbawe ya Wasini, na mawe ya kuta za nyumba za kale na misikiti ya pwani ni matumbawe ya zamani, mengi ya takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mwaka wa 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yenye mpangaji yalimpoteza mpangaji wao, yakawa meupe, na sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Tumbawe kikombe, kwa kuwa hana mpangaji wa kumpoteza, hapaushwi kwa njia hiyo. Mtu anaweza basi kuuliza: kama huyu hajengi, na joto la namna ile halimpaushi, ana shida gani?

Shida yake ni paa. Yeye huishi chini ya paa la mwamba, na chini ya paa hilo hilo ndipo anapolala kamba koche, ndipo pweza anapofunga mlango kwa mawe, ndipo chewa anapojificha mchana. Ukikuta ukuta uliojaa vikombe vyekundu, jua kwamba hapo pana kivuli, pana mkondo na pana chakula. Ni anwani nzuri. Na anwani hiyo huharibiwa kwa vitu vitatu ambavyo kila mmoja hapa anavijua.

Kwanza ni mtaimbo. Pweza amekataa kutoka, mvuvi ana haraka kwa sababu maji yanajaa, anavunja jabali. Pweza anapatikana siku hiyo. Lakini shimo lile lilikuwa na mpangaji mpya kila baada ya muda, na anayevua pweza kwa miaka mingi huyajua mashimo yake kama mtu anavyoijua milango ya jirani. Likivunjwa, hakuna pweza mwingine atakayehamia. Tumbawe la mviringo linalojenga jabali kama hilo hukua karibu sentimita moja kwa mwaka. Paa la nusu mita ni umri wa mtu na wajukuu wake. Akina mama wanaovua kwa miguu maji yakitoka wamekuwa wakilisema hili muda mrefu, na si kila mara wamesikilizwa na vijana wenye miwani ya kuzamia.

Pili ni nanga. Mashua ikitupa nanga juu ya mwamba, minyororo husaga kila upepo unapogeuka. Mahali penye boya la kufungia, nahodha afunge boyani. Mahali pasipo na boya, atafute mchanga. Ni suala la mita chache na subira ya dakika mbili.

Tatu ni juya. Nyavu za kukokota kutoka ufuoni zilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2001, na bado huonekana. Juya halifiki pangoni, lakini hupita palepale mchangani ambapo yule binamu anayeburutwa na mnyoo anaishi, na huchukua vifaranga vya samaki ambavyo vingekuwa kitoweo mwaka ujao.

Kuna na lile la meza za ukumbusho. Tumbawe jeupe linalouzwa kwa mgeni, kama tulivyosema, ni mifupa. Mara nyingi liling'olewa likiwa hai, likaachwa lioze, likasafishwa kwa dawa ya kung'arisha nguo. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuyatoa nchini kunahitaji kibali. Mgeni anayelipia tumbawe ufuoni asipokuwa nacho hunyang'anywa uwanjani, na akifika kwao hasemi kwamba alivunja sheria. Husema aliuziwa na mtu wa pwani ya Kenya. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kisite hairuhusiwi kuondoa kitu chochote, liwe hai au limekufa. Katika eneo la akiba la Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, lakini ruhusa hiyo ni ya samaki, si ya mawe. Vijana wanaopeleka wageni kuogelea na miwani wanajua kwamba mgeni hulipa tena kuona ukuta uleule ukiwa hai. Tumbawe la mezani huuzwa mara moja.

Kwa waelekezi wanaotaka kuwaonyesha wageni tumbawe kikombe: msishike, msigonge jabali ili lifunguke, na msiwaruhusu wageni wakanyage kuta kwa mapezi. Tochi yenye mwanga hafifu inatosha. Ukimulika kwa nguvu, polipi hujifunga na mtakaa robo saa mkitazama vifungo vyekundu.

Swali ambalo huulizwa kila mara ni kama linawasha. Vishale vya tumbawe kikombe ni dhaifu kwa ngozi ya binadamu. Wengi hawahisi kitu. Kinachoumiza ni jiwe. Jeraha la tumbawe lolote huwa na vipande vidogo na uchafu ndani, na hukaa bichi siku nyingi likipuuzwa. Aliyekatwa aoshe kwa maji safi mengi na sabuni, atoe vipande vyote vinavyoonekana, afunike kwa kitambaa safi, na asirudi majini mpaka lifunge. Likivimba, likitoa usaha au likileta homa, aende zahanati siku hiyo hiyo, na amweleze mhudumu kwamba alikatwa na tumbawe.